Kesi ni ya nani: yako, yangu au ya Jamhuri?

Machi 1976, Chuo Kikuu cha Sheffield nchini Uingereza kilikuwa kinazindua kituo chake kipya cha taaluma ya uhalifu. Kama ilivyo ada ya shughuli hizo, alialikwa mgeni wa heshima kutoka nje atoe mhadhara wa ufunguzi. Mgeni mwenyewe alikuwa Nils Christie, profesa wa taaluma hiyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Bila shaka wenyeji wake walitarajia pongezi na maneno ya kutia moyo. Badala yake aliwaambia kuwa huenda taaluma yao haifai kuwepo kabisa, na kwamba vituo kama hicho walichokuwa wakikizindua pengine vingefaa kufungwa, si kufunguliwa. Kisha, ili aeleweke, akawachukua wasikilizaji wake kwa maneno hadi Tanzania.

Naam, Tanzania yetu hii. Alisimulia kesi iliyosikilizwa katika kijiji kidogo mkoani Arusha. Mwanamume na mwanamke walikuwa wachumba, mwanamume akagharimika kwa muda mrefu, mwanamke akavunja uchumba. Mwanamume anataka vyake. Dhahabu na pesa hazikuleta taabu. Taabu ilikuwa ni vile vitu vilivyokwisha kutumika vikachakaa, na gharama nyinginezo zisizo na stakabadhi. Nyumba ilifurika wanakijiji na majirani wa vijiji vya karibu, watu wanacheka, wanataniana, kila mmoja ametega sikio asipitwe na neno. Wenye ugomvi walikuwa katikati, na ndugu na marafiki pembeni yao wakiwasaidia bila kuwapokonya maneno. Waamuzi walikuwa watatu na karibu hawakufanya lolote, kwa kuwa mambo ya kijiji hawakuyajua. Wataalamu walikuwa ni wale wengine wote waliojaa humo ndani.

Christie akailinganisha nyumba hiyo na mahakama za kwao, zilizojificha katika majengo ya serikali, ambamo wenye shauri wamekaa pembeni na wanasheria ndio wanaozungumza. Hoja yake ni kuwa ugomvi ni mali. Ni kitu chenye thamani, kwa sababu ndani yake watu hupata nafasi ya kuambizana lipi ni haki na lipi ni dhulma, nani amlipe nani, na wataishije kesho. Mali hiyo, alidai, imeibwa. Walioiiba ni wanasheria na dola, na wasomi wa uhalifu wamekuwa wasaidizi wao. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1977, na mpaka leo wanafunzi wa taaluma hii wanaupewa kuusoma.

Ndugu msomaji, nimelileta suala hili kwa sababu limeingia nyumbani kwetu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amechaguliwa kusomea shahada ya taaluma ya uhalifu na haki jinai katika chuo kikuu kimoja nchini Kenya. Kwa kuwa baba yake alishatangulia mbele ya haki, ada yake inanihusu. Ikabidi tukae kikao. Mama yake alisema kwa uchungu: "Kaka, yaani miaka yote hii nimemsomesha, aende akasomee wezi?" Shangazi zake wakadhani anakwenda kuwa askari kanzu. Mmoja wa wazee wetu, mtu mwenye elimu yake ya dini na anayeheshimika, alikuja na hoja nzito zaidi. Alisema mtu wa kazi hii atakula kwa dhambi za wenziwe. Wahalifu wakizidi, soko lake linapanda. Wakiisha, hana kazi. Je, riziki ya namna hiyo inampasa mja kuiombea dua?

Kwanza nilijibu kwa mfano wa daktari, ambaye naye anaishi kwa maradhi ya watu na hatumlaumu. Lakini mfano huu haufiki mbali. Mgonjwa huenda kwa daktari kwa miguu yake, na akiona dawa zinamdhuru anaweza kuhama hospitali. Mshitakiwa analetwa na pingu. Elimu ya daktari inamtumikia yule anayechunguzwa. Elimu hii nyingine, je, inamtumikia nani? Hapa ndipo penye swali lenyewe, na haliwezi kukwepwa kwa kusema tu kwamba elimu yoyote ni nzuri.

Historia yake inatosha kumfanya mtu asite. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu akidai kuwa wapo watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwatambua kwa umbo la fuvu, taya na masikio. Fuvu lililompa wazo hilo lilikuwa la mtu maskini kutoka Calabria, kusini mwa Italia, na mpaka leo limo katika jumba la makumbusho mjini Turin. Miaka mitano kabla ya kitabu hicho, Waingereza waliokuwa wakiitawala India walipitisha sheria iliyoyatangaza makabila mazima kuwa ni makabila ya wahalifu. Watu wa makabila hayo waliandikishwa majina, na kutoka nje ya eneo lao ilibidi wawe na kibali. Hebu fikiri: kichanga kinanyonya, na tayari ni cha kabila la wahalifu. Sheria ile ilifutwa baada ya India kupata uhuru, lakini tabia yake haikufutwa. Vijana wetu wa mijini wanajua maana ya kusimamishwa kwa sababu ya ndevu, mtaa unaokaa au jina lililo kwenye kitambulisho. Mtu aliyesomea "viashiria" anaweza kuipa tabia hiyo nguo ya kisayansi.

Lakini haki itendeke hata kwa taaluma hii. Humo humo ametoka Edwin Sutherland, Mmarekani, ambaye mwaka 1939 aliwasimamia wanazuoni wenzake na kuwaambia kuwa wamekuwa wakisoma uhalifu wa maskini peke yake. Alisema wizi wa mtu mwenye suti na ofisi nao ni uhalifu, na nadharia zote zinazosema uhalifu unatokana na umaskini zinaanguka hapo. Kisha akachambua kumbukumbu za makampuni 70 makubwa ya Marekani, akakuta yametolewa maamuzi 980 dhidi yao, wastani wa 14 kwa kila kampuni. Kitabu kilipotoka mwaka 1949 mchapishaji aliyaondoa majina ya makampuni kwa kuogopa kushitakiwa. Yalirudishwa mwaka 1983, mwandishi akiwa ameshafariki miaka mingi. Yule aliyeiba kuku jina lake husomwa mahakamani siku hiyo hiyo, hawa walisubiriwa miaka 34! Mtu anayetaka mwanawe aelewe kwa nini magereza yanajaa wezi wa simu, na mafisadi wanajaa kwenye hafla, hana budi kukubali kuwa kuna la kujifunza humu.

Sasa turudi kwenye hoja ya Christie, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyonigusa, na sababu si ya vitabuni.

Nina duka la vitambaa. Miaka kadhaa iliyopita lilivunjwa usiku, yakaondoka majora kumi na moja na, kwa sababu ninazozijua wezi wenyewe, daftari langu la madeni. Kijana aliyekamatwa alikuwa wa mtaa wa pili, mama yake anauza vitumbua na tunajuana. Majora sita yalipatikana, yakachukuliwa kuwa vielelezo. Kuanzia siku ile nikaitwa shahidi wa kwanza wa upande wa mashitaka. Kesi ikawa Jamhuri dhidi ya kijana yule. Nikafunga duka mara tisa kwenda kusikia kuwa inatajwa na kuahirishwa. Nilipopanda kizimbani niliulizwa kama mlango ulikuwa na kufuli, kufuli la namna gani, na kama vitambaa vile ninavitambua. Nilitaka kumuuliza kijana jambo moja tu: daftari liko wapi? Humo mlikuwa na madeni ya watu zaidi ya arobaini, ambayo kwangu yalikuwa na thamani kuliko majora yote. Niliambiwa nijibu maswali niliyoulizwa.

Nje, kwenye benchi, mama yake alinisogelea akasema yuko tayari kunilipa kidogo kidogo, na kwamba mwanawe atakuja dukani kunifanyia kazi mpaka deni liishe. Nilikuwa radhi. Mhusika wa mashitaka nilipomweleza, alinijibu kwa upole tu: "Mzee, kesi hii si yako tena." Kijana akafungwa. Vitambaa vikarudi baada ya miezi mingi vikiwa vimetafunwa na panya. Daftari sijaliona mpaka leo. Ukiniuliza nani alishinda kesi ile, nitakwambia Jamhuri, ingawa Jamhuri haikuibiwa hata mita moja ya kitambaa.

Christie alisema mtu aliyedhulumiwa hupoteza mara mbili, kwanza mbele ya mkosaji, kisha mbele ya dola inayomwondoa katika jambo lake mwenyewe. Sikuhitaji profesa wa Oslo aniambie hivyo, lakini nilifurahi kukuta kuna aliyeliandika.

Wengi watasema sisi Waislamu jambo hili tumelimaliza zamani. Wanafiqhi walikwisha kutenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Katika qisasi, Surat al-Baqarah aya ya 178 inawapa jamaa wa aliyeuawa nafasi ya kusamehe na kupokea fidia kwa wema. Ni kweli. Lakini mzee wetu yule alinikumbusha kisa cha Swafwan bin Umayya, ambaye aliibiwa shuka yake akiwa amelala. Mwizi akapelekwa kwa Mtume (s.a.w.), hukumu ikatolewa, na Swafwan akaingiwa na huruma akasema amemsamehe. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumleta. Maana yake ni kwamba kabla shauri halijafika kwa mtawala ni lako, unaweza kumsitiri mwenzio na kumsamehe. Likishafika, limekuwa na mwenyewe mwingine. Nikamwambia mzee: basi kisa hiki kinatuthibitishia kuwa kuna kipindi ambacho kesi ni yangu, na swali ni kipindi hicho kina ukubwa gani. Leo hakina hata saa moja. Ukishatia mguu kituoni, kimekwisha.

Je, tukirudishe chote? Turudi kwenye ile nyumba ya Arusha, wanakijiji waamue? Hapa naachana na Christie kidogo. Wapo wanaoisifu mno jamii kana kwamba watu wakiachwa wenyewe watatenda haki tu. Hebu tuangalie. Pale mtaani kwetu akipita mtu mbio na sauti ikapigwa "mwizi!", watu hutoka na mawe na matairi. Nao wale wameuchukua ugomvi wao mikononi mwao, hakuna mwanasheria aliyewaibia. Vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliouawa kwa sababu ya macho mekundu walihukumiwa na majirani zao wenyewe, wataalamu wa mambo ya kijiji. Na kuna lile ambalo tunalinong'ona: mtoto wa kike anaharibiwa na mtu wa karibu, wazee wanakaa, bahasha inapita kwa baba, na jambo "linamalizwa kifamilia". Mtoto hakuulizwa. Aliyefanya anaendelea kupita mlangoni kila siku. Mwaka 1998 Tanzania ilipopitisha sheria kali ya makosa ya kujamiiana, yenye kifungo cha chini cha miaka 30 kwa ubakaji, wapo waliolalamika kuwa serikali inaingilia nyumba za watu. Katika jambo hili mimi nasema iingilie.

Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili za Kisomali kusuluhishana kwa mila na kwa sharia, na fidia ya mifugo kulipwa. Upande wa mashitaka wenyewe ndio ulioomba, ukitegemea katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inayohimiza usuluhishi. Magazeti yalijadili sana. Baadaye majaji wengine wakakataa maombi ya aina hiyo. Tulipolizungumza nyumbani, wazee tulifurahi, kwamba angalau mahakama moja imetambua kuwa wafiwa ni watu. Mpwa wangu akauliza: "Mjomba, na kama aliyeuawa angekuwa ni mke, na aliyeua ni mume, na familia mbili ni mabinamu, nani angekuwa upande wake?" Kikao kilinyamaza. Walii wa damu anatakiwa awe upande wa damu. Lakini walii naye ana mashamba ya kugawana na watu anaokabiliana nao.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kesi ni ya aliyedhulumiwa kwanza. Dola inaishika kama amana, kwa sababu aliyedhulumiwa mara nyingi ni mnyonge na anaweza kunyamazishwa kwa hela au kwa hofu. Anayeshika amana haruhusiwi kuifanya yake. Mlinzi wa mali ya yatima akianza kusema "mali hii si yako tena", tunajua tumwiteje.

Na msomi je? Kuna kazi ya Christie ya zamani zaidi ambayo kwangu ina uzito kuliko mhadhara wa Sheffield. Akiwa bado mwanafunzi aliwahoji Wanorway waliokuwa walinzi katika kambi za kaskazini mwa nchi hiyo mwaka 1942 na 1943, ambako wafungwa kutoka Yugoslavia waliteswa na kuuawa kwa wingi. Walinzi hao hawakuwa Wajerumani, walikuwa wenzao wa Oslo na vijijini. Alitaka kujua kwa nini wengine walitesa na wengine, katika kambi zile zile, hawakutesa. Alichokuta ni kwamba wale ambao hawakutesa walikuwa wamewakaribia wafungwa kiasi cha kuwaona ni watu. Kuna walioonyeshwa picha za wake na watoto wao. Waliotesa waliona kundi chafu lenye njaa, lisiloeleweka lugha.

Hiki ndicho kipimo nitakachokitumia kwa elimu ya mpwa wangu. Kuna elimu inayomsogeza mkosaji mbali, inamfanya aina ya kiumbe, takwimu, kiashiria, fuvu kwenye kabati. Kuna nyingine inayomsogeza karibu mpaka unalazimika kumuuliza yeye mwenyewe, na kumuuliza aliyeumizwa. Zote mbili zinafundishwa chini ya paa moja na cheti ni kile kile. Na kumkaribia mtu si kumwondolea lawama. Wapo wanaosema ukishajua kwamba kijana amekulia kwenye njaa na baba mlevi, huwezi tena kumhukumu. Mimi nilimjua kijana wangu tangu akiwa anacheza gololi mbele ya duka, na kwa sababu nilimjua nilijua vizuri kwamba angeweza kutovunja. Mdogo wake wa tumbo moja, njaa ile ile, alikuwa anakuja kunisaidia kupanga vitambaa na hakuchukua hata uzi.

Christie hakuishia kulalamika. Alipendekeza mahakama ambayo, ikishahakikisha kuwa sheria imevunjwa na aliyevunja ndiye huyo, inageukia kwanza hali ya aliyedhulumiwa, kwa kina: amepoteza nini, na nini kinaweza kufanywa na mkosaji, kisha na majirani, kisha na serikali. Adhabu inafuata baadaye kama bado inahitajika. Halafu anaangaliwa mkosaji anahitaji nini asirudie. Si ndoto tupu. New Zealand tangu mwaka 1989 imeweka kwenye sheria vikao vya familia kwa watoto wenye makosa, jambo lililochukuliwa kutoka kwa Wamaori. Norway yenyewe ilipitisha sheria ya mabaraza ya usuluhishi mwaka 1991. Kwetu, mwaka 2023 iliundwa Tume ya Rais ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kelele za wananchi kuhusu kubambikiwa kesi na kukaa mahabusu zilisikika waziwazi. Kama yapo mabadiliko yatakayofanyika, yatahitaji watu waliosomea. Sioni kwa nini wasiwe watoto wetu.

Basi ada ya mwaka wa kwanza nimekubali kuilipa, na dada atatoa nauli na matumizi. Mzee wetu hakupinga tena, ingawa alisema atauangalia mwisho wake. Nimempa binti sharti moja kabla hajapanda basi la Nairobi. Aende mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kwetu, akae kwenye benchi la nyuma siku tano mfululizo akiwa na daftari na saa. Kila kesi ikiitwa, aandike aliyeibiwa au kupigwa amezungumza dakika ngapi, mshitakiwa dakika ngapi, na wengine wote dakika ngapi. Jana alikuwa siku ya pili. Amenionyesha kurasa mbili, na kwenye safu ya aliyedhulumiwa, katika kesi saba, nne zina mstari tu.